Mtoto Mwenye Uvimbe Shingoni Analalaje?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wauguzi, maafisa tabibu, walimu wa madarasa ya awali na wazazi. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo, na habari za watoto zimebadilishwa kiasi cha kutosha ili wasitambulike.

Waheshimiwa wageni, wauguzi na maafisa tabibu wenzangu, walimu, na ninyi wazazi mlioacha shughuli zenu ili mje kusikiliza: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu wote, shikamooni.

Naanza kwa swali. Mtoto anapoletwa kliniki akiwa na uvimbe shavuni, mdomoni au shingoni, tunamuuliza mama yake nini? Tunauliza uvimbe ulianza lini. Tunauliza kama unauma. Tunaubonyeza, tunaupima, tunaandika sentimita zake kwenye jalada. Je, ni wangapi kati yetu tunaouliza: mama, huyu mtoto analalaje?

Nimekuja kulisema jambo hilo moja, na nitalirudia mpaka mnichoke. Uvimbe unaotokana na kasoro za mishipa ya damu au ya limfu, yale majimaji mepesi yanayotoka kwenye nyama za mwili na kurudi kwenye damu, huonekana mchana, mtoto akiwa ameketi wima mapajani mwa mama yake, lakini madhara yake makubwa mara nyingi hutokea usiku, mtoto akiwa amelala chali, misuli ya koo imelegea na njia ya hewa imebanwa. Sisi tunamkagua mchana na kumruhusu arudi nyumbani. Usiku anabaki na mama yake, na mama hakuulizwa chochote kuhusu usiku.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Ni kukatika pumzi usingizini. Katika hali hii mtoto aliyelala anajitahidi kuvuta pumzi, kifua na tumbo vinapanda na kushuka, lakini hewa haipiti kwa sababu njia imeziba. Oksijeni ya damu inashuka, ubongo unashtuka na kumwamsha nusunusu, koo linafunguka kwa mkoromo wa ghafla, kisha analala tena, na mambo hayo yanajirudia hadi alfajiri. Kwa mtu mzima, wataalamu huanza kuuita ugonjwa pale matukio yanapofika 5 kwa saa. Kwa mtoto, zaidi ya tukio 1 kwa saa tayari si kawaida, na yakifika 10 hali ni kali. Kati ya watoto 100, mmoja hadi watano wana tatizo hili, na wengi wao ni kwa sababu ya tonsili na zile nyama za nyuma ya pua. Watoto ninaowazungumzia leo ni wachache kuliko hao. Ndiyo maana wanasahaulika: tumezoea kwamba mtoto anayekoroma hukatwa tonsili akapona, na huyu wetu anaweza kukatwa tonsili akaendelea kukoroma vilevile, au akavuja damu mezani kwa kiasi ambacho hakuna aliyekitarajia.

Nichukue mfano wa mtoto wa miaka minne. Nje alikuwa na alama ndogo ya buluu kwenye pembe ya mdomo, ambayo jirani angeweza kudhani ni wino wa kalamu. Alikuwa ameonwa mahali zaidi ya pamoja, na kila mahali aliambiwa kwamba alama hiyo haina shida, atafanyiwa urembo akikua. Mama yake alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa siku moja. Alipoulizwa mtoto analalaje, alijibu kwa urahisi, kana kwamba anasema jambo la kawaida la kila nyumba, kwamba mtoto halali kitandani. Hulala akiwa ameegemea kifua chake, naye mama huketi akiegemea ukuta. Akimlaza, anakoroma, ananyamaza, anatutumka na kuamka akilia. Tulimlaza palepale kwenye kitanda cha kliniki na kusubiri dakika chache. Shingo upande mmoja ilijaa taratibu, na sakafu ya mdomo ikapanda na kuusukuma ulimi juu. Tulipomketisha, vyote vilishuka. Picha ya MRI ilionyesha kwamba ile alama ya mdomoni ilikuwa ncha tu ya kasoro kubwa ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, iliyopita chini ya ulimi hadi kwenye shina lake na ukuta wa koo.

Kwa nini ijae akilala? Katika kasoro hii vena zimeumbika zikiwa pana, kuta zake ni dhaifu, na damu hutuama ndani yake kama maji katika sponji. Mtoto akisimama, damu huteremka kuelekea moyoni kwa uzito wake wenyewe. Akilala, kichwa na moyo huwa usawa mmoja, damu haina pa kuteremkia, na uvimbe hujaa. Hujaa pia akilia, akikohoa, akijikaza chooni. Ukiubonyeza unanywea, ukiuachia unarudi. Jambo la pili linaungana na hilo. Kuna sehemu ya usingizi, ile yenye ndoto nyingi, ambapo misuli ya mwili hulegea kabisa, ikiwamo ile inayoshikilia koo liwe wazi. Sehemu hiyo huwa ndefu zaidi karibu na alfajiri. Kwa hiyo mzazi anayemchungulia mtoto saa tatu usiku na kumkuta anapumua vizuri bado hajaona lolote. Amchungulie saa kumi.

Ndugu zangu, ukubwa wa uvimbe unaouona nje haukuambii hatari iliyoko ndani. Nimeona watoto wenye uvimbe mkubwa wa nyuma ya shingo unaowatisha watu kwenye daladala, nao wanalala fofofo bila tatizo lolote. Kinachotisha ni mahali: sakafu ya mdomo, shina la ulimi, ukuta wa koo, zoloto, na sehemu iliyo chini ya nyuzi za sauti. Katika mtoto mchanga sehemu hiyo ya mwisho ina kipenyo cha milimita 4 hivi, na uvimbe wa milimita 1 tu unaoizunguka huibakizia robo ya nafasi yake. Robo! Na hiyo robo ndiyo anayopumulia, anayonyonyea na anayolalia.

Walimu, nanyi nina neno nanyi. Mtu mzima asipolala vizuri husinzia kazini, lakini mtoto mdogo asipolala vizuri aghalabu hafanyi hivyo. Huhangaika. Hakai kitini, anawachokoza wenzake, hakumbuki alichofundishwa jana, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani humwita mtukutu na kumweka mbele. Kijana mmoja wa darasa la kwanza alikuja kwetu kwa sababu ya ulimi mkubwa wenye vipele vidogo vya majimaji, vingine vyekundu kwa damu, na katika mazungumzo mama akataja, kwa aibu, kwamba ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha kwa muda mrefu. Alikuwa akiadhibiwa nyumbani kwa kukojoa na shuleni kwa utundu. Hakuna aliyeviunganisha viwili hivyo na ule ulimi, wala na kichwa kilichomuuma kila asubuhi, wala na kadi yake ya kliniki ambayo mstari wa uzito ulikuwa umelala tangu akiwa na miaka mitatu. Mtoto anayepigania pumzi usiku kucha hutumia nguvu nyingi, na homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito ambao yeye haufikii. Hali ikiachwa miaka, mishipa ya mapafu hujibana kwa kukosa oksijeni na upande wa kulia wa moyo huanza kuchoka. Adhabu haitibu lolote kati ya hayo.

Sasa nije kwenye aina za uvimbe wenyewe, na hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu dawa ya aina moja haifai kabisa kwa nyingine.

Kwa miaka mingi kila alama nyekundu au ya buluu ya mtoto iliitwa kwa jina moja, na matibabu yalikuwa ya kubahatisha. Mwaka 1982, huko Boston, John Mulliken na Julie Glowacki walizigawa hali hizi kwa kuangalia seli zake zinavyofanya. Kuna hemanjioma, ambayo ni uvimbe halisi: seli zinaongezeka, alama hujitokeza katika wiki za kwanza za maisha, inakua mbio kwa miezi michache, kisha inaanza kunywea yenyewe kwa miaka. Na kuna kasoro za mishipa, ambazo mtoto huzaliwa nazo hata kama hazionekani siku hiyo, hukua pamoja naye, na hazinywei zenyewe. Mgawanyo huo ndio ambao chama cha kimataifa cha wataalamu wa hali hizi, ISSVA, kilijengea orodha yake inayotumika hadi leo.

Tofauti hiyo inasaidia nini pale zahanati? Fikirieni mtoto wa miezi miwili na nusu ambaye anapumua kwa mlio, anapovuta hewa na anapoitoa, na kikohozi chake kina sauti ya kubweka. Anapewa dawa za nimonia, anapata nafuu kidogo, anarudi. Anapewa sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kana kwamba ni homa ya koo, anapata nafuu kubwa, anarudi tena. Je, kuna aliyetazama kidevu chake? Hemanjioma inayosambaa pale ambapo mwanamume huota ndevu, yaani kidevuni, kwenye mdomo wa chini, mbele ya masikio na mbele ya shingo, mara nyingi huwa na mwenzake ndani ya njia ya hewa. Mtoto wa namna hiyo akianza kupumua kwa mlio, asisubiri tarehe ya kliniki.

Na habari njema ni kwamba kwa huyu dawa ipo. Ilipatikana Bordeaux, nchini Ufaransa, bila kutafutwa. Christine Léauté-Labrèze na wenzake walikuwa wakimtibu mtoto mwenye hemanjioma ya pua kwa steroidi. Moyo wake ukapata matatizo, akapewa propranololi, dawa ya zamani ya moyo na shinikizo la damu. Siku iliyofuata alama ilikuwa imebadilika rangi na kulainika. Walilichapisha jambo hilo mwaka 2008, na tangu hapo matibabu ya hemanjioma duniani yamebadilika. Ni dawa ambayo bibi zetu wengi wanaijua kutoka kliniki ya shinikizo la damu. Lakini nawaomba sana, mzazi asimkatie mtoto nusu ya kidonge cha bibi. Dawa hii inaweza kushusha sukari ya mtoto mchanga, hasa asiponyonya, na kuyapunguza mapigo ya moyo. Dozi huanzwa kwa kilo za mtoto, chini ya macho ya daktari. Tena haitibu kasoro za mishipa. Yule wetu wa alama ya buluu angeinywa mwaka mzima bila faida.

Hapa niingize jambo ambalo halikuwamo katika karatasi yangu. Ziko sehemu nyingi za nchi yetu ambako mtoto anayekohoa muda mrefu hupelekwa kukatwa kilimi. Najua wanaompeleka wanampenda, na najua wameshindwa na mengi kabla ya kufika huko. Lakini kikohozi hiki hakitoki kwenye kilimi, na kama ndani ya koo kuna kasoro ya mishipa, wembe huo unaingia katika mahali ambapo damu haitazuilika kwa kitambaa wala kwa dua. Vivyo hivyo kwa wenzangu wa hospitali: uvimbe unaonywea ukibonyezwa, wenye rangi ya buluu, au unaodunda chini ya kidole, usiuchome sindano wala kuukata kipande kwa ajili ya kipimo kabla ya altrasaundi. Wembe wa hospitali nao ni wembe.

Aina ya tatu, baada ya hemanjioma na kasoro ya vena, ni kasoro ya limfu, na hii ndiyo inayotusumbua zaidi katika njia ya hewa. Ni mifuko ya majimaji, mingine mikubwa kama ile ya shingoni ambayo mkunga huiona siku ya kuzaliwa, mingine midogomidogo iliyojipenyeza ndani ya nyama ya ulimi. Mifuko mikubwa hutibika vizuri zaidi. Ile midogo ni mikaidi. Na tabia yake wazazi wanaijua kuliko sisi: mtoto akipata mafua, uvimbe unapanda. Ulimi uliokuwa unatosha mdomoni jana, leo unatoka nje. Mtoto aliyekuwa anakoroma kidogo sasa anakatika pumzi. Mafua ya kawaida, ambayo kwa kaka yake ni suala la leso na chai ya tangawizi, kwake ni sababu ya kuja hospitali usiku uleule.

Matibabu yapo. Kwa vena na kwa limfu, njia kuu ni kuchoma ndani ya uvimbe dawa inayozifanya kuta zishikane na kusinyaa. Bleomisini na doksisaikilini ni miongoni mwake, na nyingine iliyoanzia Japani katika miaka ya 1980. Hurudiwa mara kadhaa. Kumbukeni tu kwamba uvimbe huongezeka kwa siku kadhaa kabla ya kupungua, kwa hiyo mtoto ambaye njia yake ya hewa ni nyembamba tayari hachomwi na kurudishwa nyumbani jioni. Na mtaalamu wa nusukaputi aambiwe mapema, si asubuhi ya upasuaji, kwa sababu nusukaputi nayo huilegeza misuli ya koo kama usingizi ule, na mpira wa kupumulia ukipita pasipojulikana unaweza kuchubua na kutoa damu.

Dawa ya kunywa nayo imepatikana, na asili yake ni kisa cha ajabu kidogo. Mwaka 1964 msafara wa wanasayansi kutoka Kanada ulikwenda kisiwa cha Rapa Nui katika Bahari ya Pasifiki na kurudi na udongo. Ndani ya udongo huo kulikuwa na bakteria inayotoa kemikali ambayo Suren Sehgal na wenzake huko Montreal waliichambua, wakidhani watapata dawa ya fangasi. Badala yake ikawa dawa ya kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa: sirolimusi. Baadaye ikaeleweka kwamba kasoro nyingi za limfu zinatokana na badiliko la jeni moja, liitwalo PIK3CA, ambalo hutokea katika baadhi ya seli mtoto akiwa bado tumboni, na sirolimusi huzuia mwendo wa amri zinazotokana na badiliko hilo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa wengi wenye kasoro tata walipata nafuu. Haiponyi kabisa, inapunguza kinga ya mwili, na kiwango chake kwenye damu lazima kipimwe. Mimi siioni kuwa dawa ya kumwandikia mtoto ambaye kwao ni safari ya siku nzima hadi maabara, mpaka tupange atakavyopimwa.

Nimetaja badiliko hilo la jeni kwa makusudi. Halikurithiwa kwa baba wala kwa mama. Halikuletwa na chakula alichokula mama mjamzito, wala na kijicho cha wifi. Akina baba waliokuja leo, mmesikia?

Kuna watoto ambao haya yote hayatoshi, au hayawahi. Hao huhitaji trakeostomia, tundu la kupumulia shingoni, chini ya mahali palipoziba. Binti mmoja wa karibu miaka miwili alikuwa na kasoro ya limfu ya ulimi na sakafu ya mdomo. Bibi yake, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia, alikataa katakata: mjukuu wake hatasema tena, na watu watasema ametobolewa koo. Hatukubishana naye. Tulimwomba alale wodini usiku mmoja, kidole cha mtoto kikiwa kwenye oksimita, kifaa cha kupima oksijeni ya damu. Kila namba iliposhuka mashine ilipiga kelele, na kila ilipopiga kelele bibi aliona kifua cha mjukuu kikibonyea ndani bila sauti kutoka. Asubuhi alisema tu, "Fanyeni."

Kazi ilianza baada ya upasuaji. Mama, bibi na baba, wote watatu, walifundishwa kunyonya makohozi kwenye mpira, kubadilisha kamba za shingoni, kuweka mpira wa akiba karibu na kitanda, kumwogesha bila maji kuingia tunduni, na la kufanya umeme ukikatika wakati mashine ya kunyonyea inafanya kazi. Tulimzuia mtoto wodini mpaka wote walipoweza kuvifanya mbele yetu, kwa sababu mtu mmoja hawezi kukesha kila siku. Uzito wake ulipanda katika miezi iliyofuata. Anasema maneno kwa hewa inayopita pembeni ya mpira, na mengi ni ya kumwamuru bibi yake. Bado ana tundu. Ulimi unaendelea kutibiwa, na sijaiambia familia ni mwaka gani litazibwa.

Sasa mtaniuliza: tufanye nini sisi ambao hatuna mashine ya kupima usingizi? Kipimo kamili cha usiku kucha ni adimu kwetu, na sitaki mtoto asubiri mashine. Mzazi ana simu. Amrekodi mtoto saa kumi alfajiri, taa ikiwa imewashwa, nguo ikiwa imepandishwa ili kifua na tumbo vionekane, sauti isikike, kwa dakika kadhaa bila kukatiza. Video ya namna hiyo hunieleza mengi kuliko barua ya rufaa ya kurasa mbili. Na tafadhali, ni ya kumwonyesha mtabibu, si ya kundi la WhatsApp la ukoo. Vituo vingi vya afya vilipata oksimita wakati wa UVIKO-19. Itoeni kabatini, mlaze mtoto nayo usiku mmoja. Oksijeni ikishuka mara kwa mara, mmepata jibu. Isiposhuka, bado hamjamwondolea shaka, maana mtoto anaweza kukatika pumzi na kuamka kabla namba haijaanguka.

Katika barua ya rufaa, andikeni mtoto hulala mkao gani, kama hukaa kimya katikati ya mkoromo, kama hutokwa jasho jingi usiku, kama hulala kichwa kikiwa kimerushwa nyuma, na kama uvimbe hubadilika akilia au akipata mafua. Andikeni na uzito wa kadi yote, si wa siku hiyo tu. Na kama anapumua kwa mlio akiwa macho, akibadilika rangi au kushindwa kunyonya, msiandike barua ndefu. Mpelekeni akiwa ameketi au amebebwa wima, na mtu wa kumtazama awe naye njia nzima.

Nitajibu maswali hadi saa saba. Wazazi waliokuja na video kwenye simu, naomba mbaki baada ya hapo; muuguzi atawaita mmoja mmoja kwenye chumba cha pembeni, na tutaziangalia huko, si hapa mbele za watu.